Bahasha Ndani ya Bahasha

Tallinn, Estonia
9 Machi 2023

Mjomba,

Natumai goti limetulia. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Juzi nilitoka kwenda dukani nikasahau glovu, nikarudi vidole vimekunjamana kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Wenyeji wanasema hii si kitu, tena inakwisha.

Kazi uliyonituma sijaisahau. Siku naondoka ulinishika mkono pale stejini ukasema: "Kaitazame hiyo kura ya kompyuta, halafu uniambie mwizi wake huingilia wapi." Wenzangu kwenye kozi wamekuja kusomea usalama wa mitandao kwa wiki tatu, mimi nimekuja na swali la mzee wa posta. Bahati ikawa yetu. Jumapili iliyopita, tarehe 5, nchi hii imechagua wabunge wake 101, na nimeyaona yote kwa macho yangu, kasoro yale yasiyoonekana kwa macho. Hayo ndiyo mengi, na ndiyo yatakayoirefusha barua.

Lakini nianze na nilikopita. Ndege yetu ilitua Amsterdam, tukakaa saa saba tukingoja nyingine, na mimi nikapata muda wa kusoma habari za Waholanzi. Hawa walipiga kura kwa mashine miaka mingi, karibu nchi nzima, na wachache sana walinung'unika. Mwaka 2006 akatokea Rop Gonggrijp na wenzake, wakapata mashine chache, wakazifungua mezani, wakabadilisha programu iliyomo na kuonyesha kwenye televisheni jinsi kura zinavyoweza kuhamishwa. Kwa mzaha wakaifundisha mashine hiyo hiyo kucheza sataranji. Kilichonichekesha zaidi ni kingine. Mashine ilikuwa ikitoa mawimbi ya redio, kama vitu vingi vya umeme, na jina la chama kimoja, Christen Democratisch Appèl, lina herufi yenye alama juu yake. Kioo kilipoandika herufi ile, mlio wa mawimbi ulibadilika. Mtu aliyekaa nje na redio yake angejua kwamba aliyeko ndani amegusa chama kile. Hebu fikiria, Mjomba: siri ya kura inatobolewa na kialama kisichozidi punje ya mtama. Waholanzi wakazitupa mashine, wakarudi kwenye karatasi na penseli nyekundu, na huko ndiko waliko mpaka leo.

Basi nikafika Tallinn nikiwa na shaka tayari mfukoni.

Estonia ni nchi ndogo, watu kama milioni 1.3, yaani zaidi kidogo tu ya Kaunti ya Mombasa, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 1,208,333. Tangu 2002 raia wake hupewa kitambulisho chenye chipu na namba mbili za siri. Ya kwanza ina tarakimu nne, na kazi yake ni kusema "mimi ndiye". Ya pili ina tano, na hiyo ni sahihi yako, sawa mbele ya sheria na ile ya kalamu. Kwa kadi hiyo watu hulipa kodi, husaini mikataba, huchukua dawa. Kura iliifuata kadi baadaye. Ilijaribiwa Oktoba 2005 katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na vijiji, wakathubutu watu 9,317 tu. Mwaka 2007 ikaingia uchaguzi wa bunge, na hakuna nchi nyingine duniani iliyokuwa imefanya hivyo kwa intaneti kabla yao. Nataka uone mpangilio huo. Walianza na kitambulisho, wakakizoea kwa mambo kama kodi ambako kosa huonekana upesi, ndipo wakakipeleka kwenye kura. Sisi tulianzia upande wa pili wa kitambaa.

Ninapokaa ni nyumba ya mbao mtaa wa Kalamaja, karibu na stesheni ya treni, kwa mama mmoja wa miaka sabini na tisa. Kiingereza hana, nami Kiestonia ninajua "asante" tu, kwa hiyo tunazungumza kupitia mjukuu wake anayesoma chuo. Alhamisi kabla ya uchaguzi kijana huyo alipiga kura yake mezani, jikoni, kando ya mkate mweusi. Nikasogea kuona. Alipofika pa kuchagua jina akanigeuza uso niutazame ukuta, kama mtoto mtundu darasani. Nilihesabu: dakika tatu hazikutimia. Kisha akachukua simu, akaielekeza kwenye ule mraba wa madoa uliotokea kwenye kompyuta, simu ikamwonyesha jina alilolichagua, akaridhika, akaendelea kupaka siagi.

Sasa nisikilize wewe uliyekaa posta miaka thelathini, maana jambo hili ni la kazi yako kuliko yangu.

Kijana anapochagua, kura yake hutiwa ndani ya bahasha ya kwanza na kufungwa kwa lakiri ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuibandua tena. Bahasha hiyo haina jina. Halafu hutiwa ndani ya bahasha ya pili, na juu ya hii ya nje ndipo panapotiwa sahihi yake kwa ile namba ya tarakimu tano. Vyote viwili ni hesabu tupu, hakuna karatasi, lakini vinafanya kazi ya bahasha. Mpokeaji akitazama ya nje anajua ni nani aliyepiga kura, kwamba ni mpiga kura halali, na kwamba haitahesabiwa zaidi ya kura yake moja. Alichochagua hakijui. Uchaguzi ukifungwa, bahasha za nje huvuliwa na kuwekwa kando, zikabaki za ndani zisizo na majina. Hizo nazo huchanganywa. Na hapa usifikirie kuchanganya kama karata tu, maana karata mtu mwenye jicho kali ataifuata. Kila bahasha huvishwa ganda jipya, sura nyingine kabisa, huku barua iliyo ndani ikiwa ile ile, na kompyuta iliyofanya kazi hiyo hutoa ushahidi wa kihesabu kwamba hakuna iliyoongezwa wala iliyochomolewa. Aliyelianzisha wazo la kuchanganya hivi ni Mmarekani David Chaum, mwaka 1981, na nilipolijua hili nilikukumbuka: kilichokuwa kikimkera kwanza ni barua. Alitaka mtu aweze kupeleka barua kwa kompyuta bila tarishi kujua imetoka kwa nani kwenda kwa nani. Kura aliitaja humo humo.

Mwisho ni ufunguo wa kubandua lakiri. Huo umekatwa vipande, na kila mjumbe wa tume amekabidhiwa chake. Mmoja peke yake hawezi kufungua kitu, wala wawili. Lazima wakutane wengi wao, mbele ya waangalizi, kila mtu na kipande chake. Ni kama ile sefu yenu ya zamani ya ofisi kuu uliyonisimulia, yenye funguo mbili kwa mabwana wawili wasiosalimiana.

Najua umeshaliona tundu. Kituoni kwetu kuna kile kibanda cha kadibodi, na kazi yake kubwa ni kumzuia yule jamaa wa noti za mia mbili asione kama bidhaa aliyoinunua imefika. Jikoni hakuna kibanda. Mume anaweza kumsimamia mke, tajiri akawapanga vibarua wake sebuleni, mwenye noti akakaa ubavuni kwako mpaka ubonyeze. Nilimuuliza mwalimu wetu swali hilo kwa ukali kidogo, maana nilidhani nimemkamata. Akacheka. Akasema: "Akishaondoka, piga tena."

Ndiyo hivyo, Mjomba. Muda wa kura ya intaneti ni siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, na mtu anaweza kupiga hata mara kumi. Inayohesabiwa ni ya mwisho. Tena kama bado ana hofu, Jumapili atakwenda kituoni apige kwa karatasi, na karatasi inaifuta ya kompyuta. Kwa hiyo anayenunua kura amenunua samaki akiwa bado baharini. Hata ule uthibitisho wa kwenye simu umepewa nusu saa tu; baada ya hapo hauonyeshi kitu, na hata ukionyesha hauthibitishi kwamba hukurudi usiku ukabadilisha. Nimeona mitambo mingi ya hesabu katika wiki hizi, lakini kwangu mimi akili kubwa ya mfumo huu imo katika ruhusa hiyo moja ndogo, na ruhusa hiyo ingeweza kuwazwa na mtu asiyejua kompyuta kabisa.

Haikupita kirahisi. Mwaka 2005 rais wa wakati ule, Arnold Rüütel, alikataa kuitia sahihi sheria hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba anayepiga kwa kompyuta anapewa nafasi ya kubadili mawazo ambayo mwenzake wa karatasi hana. Shauri likafika Mahakama ya Juu, nayo ikaamua kwamba ruhusa ya kurudia ndiyo inayomlinda mpiga kura asilazimishwe, hivyo haina kosa. Uamuzi ulitoka tarehe 1 Septemba. Nilipoisoma tarehe hiyo niliweka kitabu chini. Unajua tulikuwa wapi wewe na mimi tarehe 1 Septemba 2017, redio imeshikwa na watu kumi, Jaji Mkuu Maraga akisoma uamuzi wa kufuta uchaguzi wetu wa rais.

Mama mwenye nyumba yeye hakuigusa kompyuta. Jumapili alivaa koti lake la heshima, akaniambia kupitia mjukuu niende naye nikaone. Njiani akasimulia kura za enzi za Wasovieti. Karatasi ilikuwa na jina moja. Ulipewa karatasi, ukaitumbukiza sandukuni bila kuandika kitu, ukamaliza. Kibanda cha siri kilikuwapo, tena kizuri, na kalamu ndani yake. Lakini anayeunga mkono hakuwa na haja ya kalamu, kwa hiyo aliyeingia kibandani alikuwa amekwisha kujitangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba anakwenda kulikata lile jina. Watu walikuja mapema kwa sababu siku hiyo kituoni yaliuzwa machungwa, ambayo dukani hayakuwapo. Alisema kura yake ya kwanza ya maisha anaikumbuka kwa harufu ya chungwa. Leo anaingia kibandani kwa makusudi na kukawia humo, hata kama ameshaamua tangu nyumbani. Nilimngoja mlangoni. Alikawia kweli.

Turudi kwa mwizi wako.

Mlango wa kwanza ni kompyuta ya mpiga kura mwenyewe. Ikiingiwa na programu mbaya, inaweza kumwonyesha jina hili na kutuma jingine. Mwaka 2011 mwanafunzi mmoja alionyesha kwamba inawezekana, na ule uthibitisho wa simu ulioanza 2013 ndio jibu lao: mwizi sasa itambidi aidanganye kompyuta na simu pamoja. Nakubali ni jibu zuri, ila linamtaka mtu achukue simu na kuthibitisha, na wengi huona uvivu.

Mlango wa pili ulikuwa kitambulisho chenyewe, na huo hawakuutegemea. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, huko Brno nchini Czech, waligundua kasoro katika namna chipu zile zinavyotengeneza funguo zake. Kadi za Estonia zipatazo 750,000 zilikuwa na chipu hiyo. Serikali ilitangaza hadharani mwezi Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi wa mabaraza, kwamba kadi za raia wake zina udhaifu, ikaeleza kwamba kuutumia udhaifu huo kungegharimu pesa nyingi sana, kura zikapigwa, na Novemba kadi hizo zenye kasoro zikasimamishwa mpaka zifanyiwe marekebisho. Hapo niliwavulia kofia. Sijui ni ofisi gani kwetu ingetoa tangazo kama hilo wiki chache kabla ya kura na bosi wake akabaki na kazi.

Mlango wa tatu ni wa chumba cha kuhesabia, nao ndio ungekuchekesha. Kundi la wataalamu wakiongozwa na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan lilikuja kuangalia uchaguzi wa 2013. Waestonia, kwa ajili ya uwazi, walikuwa wameweka hadharani video za kazi yao. Wataalamu wakazitazama, wakaona neno la siri la waifai limebandikwa ukutani, na mafundi wakiandika maneno ya siri huku kamera inawatazama vidole. Mwaka uliofuata wakatoa ripoti iliyosema mfumo uachwe. Waestonia wakajibu kwamba mashambulizi yanayoelezwa ni ya maabara, wakaendelea, ila baadaye wakaujenga mfumo upya. Yale mambo ya kuchanganya bahasha kwa ushahidi wa hesabu yaliingia baada ya hapo, mwaka 2017. Lakiri, Mjomba, hata iwe ya hesabu namna gani, huwa inapigwa na karani, na karani huandika nywila ukutani.

Usiku wa Jumapili tulikaa mbele ya televisheni mpaka saa sita. Zilianza kutoka kura za karatasi, na chama cha EKRE, ambacho kwa miaka mingi kimeipinga kura ya intaneti na kuwaambia wafuasi wake waende kituoni, kikawa mbele. Jirani yetu aliyekuja na chupa yake akaanza kutabasamu. Kisha zikamwagwa kura za kompyuta, zaidi ya 313,000, kidogo juu ya nusu ya kura zote, mara ya kwanza kufika hapo tangu waanze. Picha ikapinduka. Chama cha Reform cha waziri mkuu Kaja Kallas kikapata viti 37, EKRE 17. Jirani akasimama, akafunga chupa. Mjukuu akanitafsiria alichosema akivaa viatu: "Nilikuwa nimeshinda mpaka mashine ilipoamka."

Nilijaribu kumtetea mjukuu alipoanza kueleza. Ni kweli kabisa kwamba watu waliokatazwa kompyuta watajaa kwenye karatasi, na kwamba kura zao zikitoka kwanza wataonekana wanaongoza. Hakuna uchawi hapo. Lakini jirani ni fundi bomba. Ushahidi wa kihesabu ukiwekwa mbele yake ni sawa na kuwekewa Kichina, na anayemwambia "umehakikiwa" ni mtu ambaye yeye hamjui. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliyakataa matumizi ya mashine zao kwa hoja hiyo hiyo: raia wa kawaida lazima aweze kukagua hatua kubwa za uchaguzi bila kuhitaji utaalamu. Mafundi wenzangu wengi huona hoja hiyo ni ya kishamba. Mimi nimekuwa msimamizi wa kituo mara mbili, na naiona ni ya kwetu.

Unakumbuka 2017 nilivyokuja kwako alfajiri na matope mpaka magotini. Tulihesabu kura kwa taa, maajenti wakaweka sahihi kwenye Fomu 34A ya matokeo ya kituo, nakala tukaibandika mlangoni, ila mtandao haukuwapo kituoni, nami nikapanda mlima kwa bodaboda na kile kifaa nimekikumbatia kama mtoto mgonjwa, nikitafuta pa kutumia matokeo. Yaliyofuata Nairobi unayajua. Mahakama iliagiza seva zifunguliwe, hazikufunguliwa ilivyoagizwa, na uchaguzi ukafutwa. Mwaka jana fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi kwenye mtandao, na wewe mwenyewe ulikesha na kikokotoo ukijumlisha za eneo bunge letu mpaka simu ikaisha chaji. Nasikia sasa upinzani umerudia dai la kufunguliwa seva. Hata hivyo ile hesabu yako ya usiku ule hakuna aliyekufanyia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama tuilete nyumbani, nasema hapana, si katika umri wako, na nadhani si katika wangu. Roho inaniuma kusema hivyo kwa sababu ya binti yako aliyeko Riyadh. Mwestonia aliyeko huko angepiga kura akiwa kitandani, ilhali dada yangu huyo, mwaka jana, hakuwa na pa kupigia, maana nchi zilizowekewa vituo vyetu zilikuwa kumi na mbili na Saudia haikuwamo. Kwa watu kama yeye ningekuwa tayari kuonja jambo hili, kidogo kidogo, pamoja na ile ruhusa ya kurudia. Lakini kura za wapiga kura milioni 22 kuzitia ndani ya bahasha ambazo wewe huwezi kuzishika, hilo sitaki. Karatasi ile ya mlangoni, yenye sahihi za maajenti wanaochukiana, ni lakiri ninayoijua.

Jana jioni nilimsimulia mama mwenye nyumba habari za kura ya mlolongo ya 1988, kama ulivyonisimulia: watu mmepangwa kwenye uwanja wa shule nyuma ya picha za wagombea, mlolongo wenu umezunguka mpaka kwenye mnazi, wa mwenzenu haufiki hata kisimani, kila jicho linaona, halafu mfupi ukatangazwa mrefu. Alisikiliza hadi mwisho, akamwambia mjukuu kitu. Alitaka kujua yule wa mlolongo mfupi alikaa bungeni muda gani.

Nikamwambia mpaka 1992.

Akatikisa kichwa, akaniongeza chai.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mwambie Mama nitaleta ile sweta. Stempu usiitupe.

Mpwa wako